Daftari la Tuye na Hamdia

Mama yeyote aliye na msichana wa sekondari aisome hii mpaka mwisho, asiishie katikati akasema ameelewa. Sabdio naye alisema ameelewa.

Sabdio anauza maziwa ya ngamia hapa Wabera, mjini Isiolo. Alisoma mpaka darasa la sita, na hilo darasa la sita lilimtosha kusoma kila kitu cha mwanawe Tuye, kuanzia ujumbe wa simu hadi karatasi zilizosahaulika mfukoni. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama mwenye hofu, na hofu haina macho mawili. Ina jicho moja, na jicho lake lilikuwa linatafuta jina la mvulana.

Tuye alikuwa kidato cha pili. Yeye na rafiki yake Hamdia walikuwa wanasoma riwaya, vitabu vinne vinavyofuatana, vya msichana mmoja anayeitwa Falis. Akimaliza kitabu, kila mmoja anaandika kwenye daftari vile moyo wake umesikia, kisha anampa mwenzake naye aandike. Daftari lililala chini ya godoro la Tuye, na Sabdio alilijua godoro hilo kuliko mwenye kulilalia.

Baada ya kitabu cha kwanza Tuye aliandika: "Nimelia mpaka mama akauliza kama nimepigwa. Huyu baba wa Falis nikimpata nitamng'ata sikio." Sabdio alisoma, akacheka peke yake, akarudisha.

Kitabu cha pili ndicho kilicholeta maneno. Humo Falis anatoroka kwao na dereva wa lori la Moyale. Hamdia alijaza ukurasa mzima: "Falis umefanya vizuri! Ningekuwa mimi ningepanda hilo lori hata bila viatu. Tuye, usinicheke, moyo wangu umeenda na dereva."

Sabdio alisoma mara tatu. Alijua ni kitabu. Alijua kabisa kwamba Falis si mtu wa kukutana naye njiani. Lakini alijiambia, mtu haandiki "ningekuwa mimi" bure. Na malori ya Moyale si hadithi, yanapita hapa Isiolo kila siku ya Mungu.

Kesho yake, pale wanapopokea maziwa kutoka Kinna, alimvuta kando Habibo, mamake Hamdia, ambaye pia ni muuza maziwa.

"Mama Hamdia, wewe unalala?"

"Kwani nimekosa nini?"

"Msichana wako ana dereva kichwani. Nimeona kwa macho yangu, imeandikwa."

Habibo alifunika mtungi ambao hakuwa amemaliza kuunusa. "Dereva gani?"

"Jina silijui. Lakini moyo umeshapanda lori. Vimebaki viatu tu."

Alitaka kuongeza kwamba maneno yametoka kwenye kitabu. Neno lilifika kwenye meno. Lakini gari la pili la maziwa likaingia, wanawake wakaanza kusukumana, kila mmoja anataka mtungi usioanza kuchacha, na neno likarudi tumboni. Baadaye aliona hakuna haja ya kulitoa.

Habibo alimwambia mumewe, na mwezi haukuisha. Wazee walitoka Kinna kumposa Hamdia, na buni, sukari na tumbaku. Kwa Waborana, buni ya posa ikishakaangwa kwa samli na wenye msichana wakaitafuna, neno limefungwa. Anayelifungua ni kama ametapika mbele ya wageni. Babake Hamdia alitafuna. Sabdio, kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, ndiye aliyekoroga sufuria. Hamdia alikuwa amebakisha miezi mitano afike kumi na nane. Wakasema karibu ni sawa na kufika. Akapelekwa Kinna, na dawati lake shuleni akapewa mwingine.

Tuye hakulia. Alienda shule, akarudi, akafua, akafukiza vibuyu vya maziwa. Akaendelea kusoma pia. Sabdio akaendelea kuinua godoro.

"Kitabu cha tatu. Mtoto wa Falis amekufa. Sawa tu."

"Kitabu cha nne. Dereva amerudi. Wamejenga. Sawa tu."

Hapakuwa na mvulana, wala lori, wala moyo uliokwenda mahali. Sabdio alishusha godoro taratibu, akasema alhamdulillahi, mtoto wangu ametulia. Hata akamwambia Habibo, "Wangu siku hizi ni kama maji ya mtungini."

Alasiri moja Tuye alikuwa anafukiza vibuyu. Kazi yenyewe ni kuingiza kijinga cha moto ndani ya kibuyu na kukitikisa mpaka moshi ushike, ili maziwa yapate harufu na yasiharibike upesi. Sabdio alikuja kuchukua kibuyu akaona kiganja cha mwanawe kimevimba malengelenge manne, moja limepasuka.

"Tuye! Hii ni nini?"

"Kijinga."

"Lini?"

"Saa ile."

"Na hukupiga kelele? Haiumi?"

"Sawa tu."

Sabdio alisikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwa Tuye, na mwandiko wa daftarini akauona. Kabla hajajizuia akasema, "Hata kwenye daftari, sawa tu. Mtoto amekufa, sawa tu!"

Tuye hakushtuka. Alikuwa anatazama kibuyu.

"Najua unasoma, mama. Hamdia hakuonyesha mtu mwingine. Daftari lilikuwa hapa."

"Mimi nilikuwa nataka tu..."

"Nikaanza kuandika maneno ya kusomwa na wewe. Mwanzo nilikuwa nasikia, naficha. Sasa hata nikitafuta, sisikii. Nilimaliza kitabu cha nne nikakaa nikingoja kulia. Hakukuja kitu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Afadhali angepiga kelele. Sabdio alimpaka samli kwenye kiganja, na kiganja hakikutetemeka.

Alikaa siku mbili bila kujua la kufanya. Buni iliyotafunwa hairudi kuwa buni. Siku ya tatu alimwambia Tuye, "Nipe kitabu cha tatu na cha nne, na daftari. Gari la maziwa linarudi Kinna na mitungi mitupu, litampelekea Hamdia. Na Habibo nitamwambia ilikuwa kitabu."

"Sasa?"

"Sasa."

Tuye alivitoa, akavifunga kwa kamba. Sabdio akamwambia Habibo, palepale walipoongea siku ile. Habibo aliosha mikono yake muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo, kisha akabeba mtungi wake akaenda kukaa upande wa pili.

Siku sita baadaye daftari lilirudi limefungwa vilevile. Tuye alilifungua mbele ya mama yake, akasoma kwa sauti, kwa kupenda kwake, alichoandika Hamdia: "Vitabu nimeweka. Sina nafasi ya kusoma. Niambie tu, Falis aliwahi kurudi shule?"

Tuye aliketi kitandani. Alikaa na kalamu muda, malengelenge yakiwa yamekauka kuwa ngozi ngumu. Sabdio alitaka kumwona usoni, kama kuna lolote limekuja. Akainuka, akatoka, akavuta mlango.

Asubuhi alikabidhiwa daftari alipeleke kwa dereva wa gari la maziwa. Njia nzima vidole vilimwasha. Kamba yenyewe ilikuwa imefungwa ovyo, mtoto mdogo angeifungua. Akampa dereva mkononi.

Habibo alikuwa amesimama hapo. Ni mara ya kwanza kumsemesha tangu aambiwe ilikuwa kitabu.

"Mwanao amejibu nini?"

"Sijui."

"Hukufungua?"

"Sikufungua."

Habibo aliinama akanusa mtungi, akaufunika.

"Ungesema hivyo siku ile, Mama Tuye."