Jirani Asiyetaka Hodi

Watu walipomuuliza Nyanjige asali ya kiangazi anaitoa wapi, aliwategea kitendawili.

"Nina jirani, moshi wake siuoni na hodi yake siisikii."

Walihangaika weee! Wakataja mchwa, wakataja mwezi, wakamtaja hata marehemu mumewe. Wakishindwa, alidai mji. Wakampa Lamadi. "Haya, nilikwenda Lamadi, nikala sato mpaka mifupa ikaniomba msamaha, nikarudi zangu Meatu." Walingoja jibu, jibu halikuja. Bibi alikuwa ameshashika jembe lake.

Jibu lilikuwa Shida na watu wake, Wahadzabe wachache waliokaa ng'ambo ya korongo, kwenye mawe, ambako hakuna njia. Wenzao wengi walikwisha kuzoea vijiji na wageni wa kamera. Hawa walikataa. Walitaka kitu kimoja tu: wasifuatwe. Hata hilo jina la Shida si lake. Nyanjige ndiye aliyempa, kwa kuwa walikutana mwaka wa njaa, wote wawili wakichimba mizizi ileile. Shida aliokota Kisukuma kidogo, kwanza cha kutosha kusema "chumvi" na "nenda zako," baadaye cha maongezi. Tangu hapo mji wa Nyanjige, ule wa mwisho kabla ya pori, ulikuwa kama mlango, na yeye ndiye aliyeufunga. Mchungaji akikaribia korongo, anaambiwa kuna tembo. Mwenye kamera anaambiwa kuna mbung'o.

Mwaka huu alikwenda Bariadi kwa binti yake Felisita, mjukuu alikuwa anabatizwa. Nyumba nzima ilikuwa inakohoa, na kanisani padre naye anakohoa. Nyanjige akarudi na mafua na kikohozi chembamba ambacho hakukijali. Mtu mzima na kikohozi ni kama ng'ombe na kupe.

Mwanawe Bujiku akampokea na habari.

"Mayu, malisho yamekwisha. Keshokutwa tunaswaga ng'ombe kuvuka korongo."

"Mnaswaga nani na nani?"

"Mabula, na ndugu zake, na sisi."

"Na sisi!"

"Mayu, ng'ombe wanalamba vumbi. Unataka niwaimbie washibe?"

Ng'ombe ni wake pia, na mbavu zao alikuwa ameziona. Akajaza kibuyu maziwa ya mgando, akachukua fimbo, akavuka korongo peke yake.

Alipofika kwenye gogo kavu aligonga kama kawaida yake, akangoja. Shida akatokea, nyuma yake kijana mwenye upinde na wanawake wawili, mmoja ana mtoto mchanga mgongoni. Kijana akakitazama kibuyu kwa jicho baya. Msimu uliopita mtu alitega nyama yenye sumu kwa ajili ya fisi, mbwa wao wote wakafa. Tangu siku hiyo hawakugusa chakula cha mtu.

Nyanjige alielewa. Na kwa Wasukuma anayekaribisha ndiye anayeonja kwanza. Ukimpa mgeni kitu ambacho hujakitia mdomoni, umemwambia ajihadhari nawe. Akapiga mafunda mawili makubwa, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akampa Shida. Kijana akacheka, akashusha upinde. Kibuyu kikazunguka mpaka kwa mama wa yule mchanga, naye akachovya kidole akamlambisha mwanawe.

"Ng'ombe wanakuja," Nyanjige akasema. "Hameni. Nendeni hata mimi nisikokujua. Majivu fukieni. Mkisikia mtu anaita, msiitike."

"Wewe ukiita?"

"Hata mimi. Nyuma yangu atakuwepo mtu."

Shida akamvuta sikio kama anavyovutwa mtoto. "Umezeeka," akasema, na wote wakacheka, na Nyanjige akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Kikohozi kile hakikuondoka. Kilipomzidi, Bujiku alimpakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Muuguzi Specioza akamsikiliza kifua, akauliza alikotoka.

"Bariadi? Basi ndicho hikihiki kilichoenea kule, kifaduro. Wewe utapona, bibi. Mtoto mchanga asiyechanjwa ndiye kinayemmaliza. Kuna mtoto uliyekaa naye?"

Nyanjige akauvuta mkoba wake.

"Bibi, nakuuliza. Yupo mtoto?"

"Yupo."

"Mlete nimwone, haraka."

"Huyo haletwi, mwanangu."

Specioza alibishana naye, akachoka, mwisho akamtilia dawa mkobani na kumweleza namna ya kumnywesha mtoto na walio naye.

Bujiku alimsindikiza, njiani akaelezwa mtoto ni yupi. Ng'ambo ya korongo nyasi zilikuwa zimeliwa mpaka mzizi, mavi ya ng'ombe kila mahali. Kwenye mawe hapakuwa na mtu. Vibanda vitupu, majivu yamefukiwa vizuri, kama alivyowaagiza. Wakatembea mpaka jua likawa la utosi, na hapo, juu kwenye mawe ya pili, wakamsikia mtoto anakohoa. Anakohoa, anakohoa, halafu anavuta pumzi kwa mlio mrefu kama wa jogoo aliyekabwa.

"Shida! Ni mimi, Nyanjige! Nimeleta dawa!"

Kikohozi kikakatika ghafla, kama mtu amemziba mtoto mdomo.

Akapanda. Kikasikika tena, mbele zaidi. Akasogea, nacho kikasogea.

"Shida, nilikosea! Itikeni!"

Hakuna aliyeitika.

"Mayu, simama," Bujiku akamshika mkono. "Kila ukisogea wanamkimbiza mtoto juani."

Akasimama. Alikaa juu ya jiwe, mkoba mapajani, asijue aende au arudi. Akirudi, dawa inarudi naye. Akiiacha, hawataigusa, anawajua.

Bondeni kengele za ng'ombe zikaanza kulia. Bujiku akashuka mbio, anapunga mikono, anapiga kelele, "Mabula! Warudishe! Warudishe, bwana!" Mabula naye akapunga mkono, akidhani anasalimiwa, na ng'ombe wakazidi kupanda.

Nyanjige akasikiliza. Kikohozi kilikuwa kimeshavuka mgongo wa mawe, kinateremkia upande wa pili, kule kusiko na maji.