Waliomzika Mutahi

Mutahi alikufa mwezi wa nne, wiki ile serikali ilipofunga barabara za kutoka Nairobi. Alikuwa na pumu tangu ujana, na hakuna mtu kijijini kwao Tetu asiyejua. Lakini mwaka huo kila aliyekohoa alikuwa na korona. Daktari alimpima akasema siyo. Majirani wakasema daktari ameagizwa aseme hivyo.

Chifu alimletea mjane wa Mutahi, Kagure, amri: mazishi kesho asubuhi, watu wasizidi kumi na watano.

"Kumi na watano nitawatoa wapi?" Kagure aliuliza.

Theuri, mwanawe wa pekee, alikuwa amerudishwa Nairobi na polisi kwenye kizuizi cha Thika. Vijana waliozoea kuchimba makaburi walizima simu. Mheshimiwa mbunge, ambaye hakuwahi kukosa mazishi yenye kipaza sauti, alituma mtu na barakoa mbili zenye jina lake.

Alasiri hiyo Kagure alichukua jembe mwenyewe, akaanza kuchimba kando ya shamba la chai. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Shimo lilikuwa limemfika magotini pikapu iliposimama langoni.

"Mama, hiyo si kazi yako," sauti ilisema.

Alikuwa Hashi, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki. Kwa miaka mingi alikuwa akinunua ng'ombe kwa Mutahi, na sasa soko lilipofungwa alizunguka mashambani na dereva wake, Abdirizak. Habari za msiba alizisikia pale madukani.

"Wanasema ni korona," Kagure alimwonya. "Usikaribie."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema si korona."

"Basi." Hashi alivua koti, akalitundika kwenye ua. "Abdirizak, leta sepetu."

Walichimba mpaka saa ya kafyu ikawakuta hapo, na barabarani hakuna kupita tena. Kagure aliwaandalia chumba cha Theuri.

"Watu wataongea," alisema.

"Wacha waongee, mama. Tutakuwa tumelala."

Asubuhi jeneza lilibebwa na Hashi, Abdirizak na shemeji wawili wa Kagure ambao umri ulikuwa umewashinda. Chifu alikuja na askari kuhesabu watu. Hawakufika hata kumi. Kagure alitazama nafasi tupu iliyokuwa mbele ya nyumba, akaona aibu kwa niaba ya mumewe, mtu aliyewazika wengi.

Mchungaji alipoanza kuomba, wimbo ulisikika kutoka ng'ambo ya mto. Beth, jirani wa upande ule, alikuwa amesimama katikati ya chai yake, leso kichwani, akiimba peke yake kwa Kikuyu. Akaungwa mkono na mumewe. Kisha na shamba la juu, na la chini, mpaka mteremko mzima ukawa na watu, kila mmoja kwake, mbali na mwenzake, wakiimba.

Askari alimtazama chifu.

"Wako kwao," chifu alisema, na akavua kofia.

Kagure aliinua simu juu ili Theuri asikie. Mkono ulimuuma lakini hakuushusha.

Kanisa lilipofunguliwa tena, Kagure aliomba nafasi ya kutoa ushuhuda. Watu waliinama, walijua nani hakufika kuchimba. Beth alikuwa ameshamwendea nyumbani mapema, akamwambia huku analia, "Tuliogopa, Mama Theuri."

"Hata mimi niliogopa," Kagure alikuwa amemjibu.

Sasa alisimama mbele na barakoa yake, akamshukuru Mungu kwa Hashi na Abdirizak, akayataja majina yao polepole ili hata watoto wayashike. Halafu akageukia viti.

"Na nyinyi," alisema, "niliwasikia. Wanjohi, uliimba nje ya sauti kabisa, lakini nilikusikia."

Kanisa likacheka. Wanjohi, mume wa Beth, alicheka kuliko wote, akipangusa macho kwa mkono wa koti. Kagure alirudi kitini, na wanawake aliokaa nao wakabanana kumpa nafasi kati yao, kisha wakakumbuka amri ya kukaa mbali mbali, wakabaki wamemkaribia vivyo hivyo.