Leseni ya Majina Manne

…wanne, Jacinter amesema wanaotumia kompyuta ni wanne, na neno likishatoka halirudi, Bwana Suleiman meneja amekwisha kuyaandika majina yenyewe, lake yeye Jacinter likiwa la mwisho, na Owen, kijana wa kompyuta aliyeteremka kutoka Nairobi na seva mpya, kompyuta kuu ya hoteli, ile isiyoogopa mwaka elfu mbili, anaeleza tena, "Mkubwa, leseni za kuitumia ni za aina mbili, ulipie majina, kila mtu na lake, ama ulipie idadi ya walio ndani kwa wakati mmoja, wawe nani haijalishi, lakini kama watu ni wanne tu, chukua majina, bei poa," na asiye na jina hafungui kitu tena, Mama Kalama hafungui kitu, Mama Kalama wa simu, ambaye tangu simu zianze kujiunganisha zenyewe Bwana Suleiman anaamini anakaa tu akifukuza nzi, mwisho wa mwezi atamwachisha kazi, kumbe kila alasiri ndiye anayeandikisha wageni, kwenye kompyuta iliyofunguliwa kwa jina la Jacinter, shikamoo Mama, "Marahaba mwanangu, haya, niachie jina lako nilifanyie kazi," wanacheka, na ni yeye aliyemshika vidole akaviweka juu ya herufi kimoja kimoja, Jacinter alipotolewa Kidato cha Pili akaja hapa kuosha vikombe, na juzi Bwana Suleiman, mbele ya wafanyakazi wote, "Huyu mtoto anafanya kazi ya watu wawili," makofi, Mama Kalama naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote, Jacinter akainamisha kichwa, wakadhani ni adabu… aseme nini sasa, kwamba ndani kwa wakati mmoja hawazidi watatu kamwe, kwamba leseni tatu za idadi zingewatosha wote watano kwa zamu, ataulizwa wa tano ni nani, na alikuwa akiingia kwa jina la nani, na kazi ya watu wawili itarudi kuwa ya mmoja, na mmoja wa Kidato cha Pili hakosekani Ukunda nzima… "Jacinter, hao wanne ndio wote?" anauliza Bwana Suleiman, kalamu yake iko juu, haijagusa karatasi, na chumba cha pili vibonye vinalia, ta, ta-ta, upesi, Jacinter yuko kule, kwa vidole vya Mama Kalama, anaandikisha wageni wa Jumamosi na Jacinter yuko hapa mikono imelala mapajani, mtu akiitazama tu mikono hii atajua, anaitazama yeye, na aibu inayompanda si ya kukamatwa, ni ya yale makofi… vibonye vinalia, kalamu bado iko juu, Bwana Suleiman bado anangoja, na Jacinter anahesabu upya, kwa sauti, polepole, safari hii akianzia kwa Mama Kalama.