Risasi Nyepesi za Bingwa

Bega la kulia la binti yangu lilikuwa zambarau katikati na kijani pembeni, na pale kitako cha bunduki kinapokaa ngozi ilikuwa imevimba hadi inang'aa. Nilisimama nyuma yake na chupa ya dawa ya kuchua, jioni ya kuamkia mchujo wa timu. Aligeuza uso ukutani nisimwone akiuma midomo.

"Linauma?"

"Kidogo tu, Mama."

Nikachua. Harufu ya dawa ilijaa chumba kizima na mimi nikachefuka, si kwa jeraha, maana nimelea na nimeuguza, bali kwa vidole vyangu mwenyewe. Asubuhi ile ile vidole hivyo vilikuwa vimemshindilia boksi jingine la risasi nzito, na sasa vilikuwa vinampapasa kana kwamba havihusiki.

Nilikuwa mshindiliaji wa klabu ya kulenga visahani. Visahani ni vya udongo, vinarushwa na mashine, na mlengaji anavivunja hewani kwa bunduki ya marisau, yaani vile vigololi vidogo vinavyotawanyika. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ghala, kina dirisha moja na mashine ya mkono, na harufu ya baruti iliingia hadi kwenye nywele. Unachukua ganda, unatia baruti, unasukuma kikombe cha plastiki kitakachotoka na risasi na kuanguka uwanjani, unajaza marisau ndani ya kikombe, unafunga mdomo. Ukitia vitu vingi, bunduki inamrudishia mlengaji teke la punda. Ukitia vichache inamsukuma tu, kama mtu anayeomba kupita. Kisahani chenyewe hakijui tofauti. Kikiguswa na vigololi vitatu kinavunjika, viwe vimetoka kwenye risasi ya gramu ishirini na moja au ya thelathini na mbili. Kila mshindiliaji analijua hilo. Walengaji wa klabu yetu walikuwa hawataki kulijua, na aliyewafundisha kutolijua ni kaka yangu.

Kila mtu alimwita Bingwa. Hata mama yetu aliingia kaburini akimwita hivyo. Alikuwa mkufunzi wa klabu na mshindi wake wa misimu tisa. Alikuwa na tabia ya kuokota ganda lililotoka kupigwa, kulinusa pua moja baada ya nyingine, halafu kutema mate pembeni ya ubao wa matokeo. Sijui kwa nini watu walicheka kila mara. Risasi nyepesi aliziita za kufukuzia kunguru. "Bega halijengwi kwa pamba," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake. "Jikazeni kisabuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kuinama. Misimu miwili kabla ya mchujo ule aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akavua shati. Mfupa wa bega ulikuwa umekaa upande, na mkono haukupanda zaidi ya sikio. Daktari alikuwa amemwambia kwamba msimu mmoja zaidi wa risasi nzito, basi hata nywele atachanwa na mtu mwingine.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya Bingwa kabisa. "Nishindilie ishirini na moja. Ganda lile lile, boksi lile lile. Na muhuri ule ule."

Nilimwonea huruma. Baba alipofariki ni yeye aliyebaki kuwa baba, na mvua ikinyesha alinivusha mtaroni kwenye bega hilo hilo nikienda shule. Nikashindilia ishirini na moja, nikagonga muhuri wa thelathini na mbili. Nikafunika kombe mwanaharamu apite. Alishinda misimu yote miwili kwa risasi zangu za kunguru, na mdomo wake haukuacha kuhubiri teke la punda. Nami nilikuwa nikimsikia kupitia dirishani.

Halafu binti yangu akaanza kulenga. Alikuwa na miaka kumi na minane, mikono mitulivu, na macho yasiyo na haraka. Wanaoanza waliruhusiwa risasi nyepesi bila kuonewa haya, na kwa hizo alikuwa anacheka akiwa uwanjani, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mlengaji yeyote. Jumamosi moja alivunja visahani ishirini na vitatu kati ya ishirini na vitano. Bingwa alivunja ishirini na viwili. Watu walipiga makofi, naye akapiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Jumatatu akaja dirishani kwangu.

"Mpwa wangu amekomaa. Mpandishie thelathini na mbili."

"Kaka, mwili wake bado mdogo. Na wewe mwenyewe..."

"Mimi mwenyewe nini?" Alikuwa anatabasamu. "Au unataka watu waseme anabebwa kwa sababu ni wa kwetu?"

Nilijua anachofanya. Sitaki mtu anisingizie ujinga. Wanasema mchawi mpe mwana kulea. Hawakusema kwamba mama atabaki jikoni akimchemshia mchawi dawa. Nilivuta mkono wa mashine, marisau yakamiminika, nikafunga mdomo wa ganda la kwanza. Nikaendelea hadi boksi likajaa.

Wiki sita zilitosha. Kwanza likaja bega, halafu likaja jambo baya zaidi: akaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Mwili ulikuwa unalikimbia teke kabla halijafika. Kutoka ishirini na tatu alishuka hadi kumi na tano, hadi kumi na tatu. Kicheko kiliisha. Bingwa akasema lazima tumpime, na akaniagiza ganda tupu, lisilo na baruti wala marisau. Nikamtengenezea hilo pia.

Alhamisi alasiri, mbele ya wanachama, alimtilia lile ganda tupu bila yeye kujua. Binti yangu akapaza sauti kuomba kisahani, kikaruka, akavuta. Tulisikia mlio mdogo tu wa chuma. Lakini mwili wake wote ulishtuka, macho yakafumba, mtutu ukachovya kwenye nyasi kama aliyepigwa kofi la kisogo.

"Mnaona?" Bingwa alisema. "Bunduki haijalia, yeye ameshalia!"

Walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Mimi nilikuwa mlangoni pa ghala na aproni yangu, na nilitabasamu, ili nisionekane niko peke yangu. Nimefanya mengi ya kunitia kinyaa, ila tabasamu lile ndilo ninalolichukia kuliko yote. Binti yangu aliliona.

Siku ya mchujo kila mlengaji aliweka boksi lake mezani, na muhuri ukitazama juu. Nafasi zilikuwa mbili tu kwenye timu. Bingwa alikuwa anavaa miwani yake ya njano wakati binti yangu alipomsogelea.

"Mjomba, leo tubadilishane boksi."

"Kwa nini?"

"Zangu zinanipiga sana. Na zote si thelathini na mbili? Mama ndiye aliyezishindilia." Alisema hivyo bila kunitazama.

Watu walikuwa wamegeuka. Bingwa alicheka, akatazama huku na huku. Mtu aliyehubiri miaka yote ile angesemaje mbele ya wafuasi wake? Akamsukumia boksi.

Kisahani cha kwanza Bingwa alikivunja. Nilikuwa upande wake nikaona shingo ikikakamaa na rangi ikimtoka midomoni. Cha pili kikapita. Cha tatu kikapita. Baada ya cha tano mkono wa kulia haukuweza tena kuifunga bunduki. Aliiegemeza pajani, akajaribu kwa mkono wa kushoto, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Akasema jua linamwingia machoni. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri.

Katibu wa klabu alichukua risasi moja kutoka boksi aliloshika binti yangu, akaipimapima kiganjani.

"Hii mbona nyepesi?"

Bingwa akaninyooshea kidole, kwa mkono wa kushoto.

"Mimi ni mlengaji tu. Anayeshindilia ni yule pale. Muulizeni yeye."

Wote wakanitazama, na binti yangu kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama. Hakukuwa na kosa la kisheria. Hakuna kanuni iliyokataza wepesi. Ningeweza kusema ukweli wote kwa sentensi tatu nikaenda zangu nyumbani. Badala yake nikajisikia nikisema, "Nilikosea kupima. Nisameheni."



Binti yangu aligeuka akaenda kituoni. Kwa zile risasi nyepesi alivunja kumi na sita. Macho yaliyozoea kufumba hayafumbuki kwa asubuhi moja, na timu ikachukua watu wengine.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani nikaanza kusema kwamba kuna jambo nilitaka kumweleza.

"Vikombe," alinikatiza. "Ile zamu yetu ya kusafisha uwanja. Nilikuwa naokota vikombe vya plastiki. Vyangu vya kijani. Vya Mjomba vyeupe, virefu, kama vile nilivyokuwa natumia zamani. Nimejua tangu wiki ya pili, Mama."

"Wiki ya pili? Na ukaendelea kupiga nzito wiki zote hizo? Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Alihamishia bunduki bega la kushoto. "Hata leo, walipokuuliza, nilikuwa bado nangoja."

Ni miaka kumi na moja sasa. Kaka yangu bado anaitwa Bingwa, na nikienda kumwona mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati, na kila mara ananiambia kwamba siku ile jua lilikuwa kali. Ninafunga hadi cha kolani, naaga, naondoka.

Binti yangu alikaa mwaka mzima bila kugusa bunduki, kisha akajiunga na klabu nyingine, ng'ambo ya mji. Analenga kwa gramu ishirini na moja, imeandikwa waziwazi kwenye boksi, na siku hizi anacheka tena uwanjani. Risasi zake bado nazishindilia mimi. Aliniomba mwenyewe, nami nilifurahi kupita kiasi.

Ninampelekea boksi kila mwisho wa mwezi. Anakaribisha, anauliza hali, anaweka chai. Halafu anafungua boksi mbele yangu, anachagua risasi moja, si ya juu, ya katikati, anaikata kwa kisu na kumimina marisau kwenye mizani. Anafanya hivyo kwa adabu, bila kisirani, kila mara.

"Ishirini na moja," anasema. "Asante, Mama."

Nami huwa sikai mpaka aitamke hesabu hiyo.