Kirusi cha Rachida

Hadji Lukumani wa Beni aliwagawia watoto wake lugha kama wazazi wengine wanavyogawa mashamba. Mkubwa alipewa Kichina, akatumwa Guangzhou kununua vyombo vya plastiki. Wa pili alipewa Kiingereza, akabaki Kampala kupokea mizigo. Rachida, wa tatu, alikaa bila lugha mpaka baba yake na wenzake watatu waliponunua lori kuukuu la Kirusi. Lilikuja na kitabu chake cha maelekezo, kizito kama tofali, na kuanzia Beni mpaka Butembo hakupatikana mtu wa kusoma hata jalada lake. Basi Rachida akapewa Kirusi.

Chuo kilikuwa Butembo, juu ya duka la mabati, na kilifundisha mambo matatu tu: tiba ya kupumua, lugha ya Kirusi, na usaidizi wa upasuaji. Mwenye chuo alikuwa na walimu watatu, kila mmoja anajua kitu kimoja, na mpango wa masomo uliishia hapo. Siku ya kwanza Rachida alipanda ngazi na daftari lililoandikwa “Russe”, yaani Kirusi kwa Kifaransa. Mlango wa Kirusi ulikuwa umefungwa, mwalimu amechelewa. Mlango wa upasuaji ulikuwa wazi. Ndani, mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza ya vyuma, na mwalimu alipotaja chombo, chombo kilitua kwenye kiganja chake kabla jina halijaisha. Rachida aliingia kuangalia dakika tano. Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi. Mwezi wa tano alikuwa bado yumo, karani amekwisha kumhamisha kwenye orodha kwa kalamu nyekundu, na baba yake hajui lolote.

Aliyejua ni Abigaïl, binti wa wakulima wa Luofu, aliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Bulengera. Abigaïl alisomea tiba ya kupumua, na alitembea na kifaa cha plastiki chenye mrija na vidude vitatu vya mviringo ndani. Unavuta pumzi, vinapanda. Muuza makaa alikwisha kuvuta. Mwenye nyumba alikwisha kuvuta. Watu wa mtaa walianza kupita njia ya nyuma.

Siku ya Idi, nyumbani Beni, Hadji aliwaita wenzake wamsikie mtoto akisema Kirusi. Rachida alikuwa na njia mbili, kukiri au kusema kitu. Alikunja uso, akashusha sauti, akataja vyombo vya upasuaji kwa mpangilio wa meza: “Kocher. Farabeuf. Backhaus. Metzenbaum.” Mzee Kasonia, mwenzake Hadji na mwenye sehemu ya lori, alitikisa kichwa kwa heshima. Alisema inasikika wazi kwamba ni watu wa baridi.

Ikabaki hivyo mpaka wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, lori lilipokataa kuwaka. Hadji alipiga simu: lori limelala siku nne, maharage ya watu yanaoza juu yake, Rachida apande gari aje na Kirusi chake. Rachida hakulala. Baba akijua sasa, atamrudisha Beni kuuza matairi dukani kwake, na mtihani utafanywa na wengine. Abigaïl alisema atamsindikiza. Hajawahi kupima pumzi za watu wa Beni.

Waliwakuta kwenye karakana ya fundi Muyisa: Hadji, Mzee Kasonia, wale wawili wengine, na kitabu kimewekwa juu ya kiti peke yake kama mgeni.

“Mutoto wangu, batu banakungoja,” Hadji alisema. “Soma.”

Rachida alifungua. Herufi nyingine zilikuwa zimegeuka nyuma, nyingine zilifanana na viti. Alipata picha ya moteri, injini yenyewe, akaweka kidole, akakunja uso. “Backhaus. Kocher. Mayo-Hegar.”

Muyisa akauliza maana yake. Rachida aliona macho ya fundi yako kwenye kifuniko cha juu cha moteri tangu walipofika, akajibu kwamba kitabu kinasema fundi afungue pale anapofikiri. Muyisa alifurahi sana. Alisema hawa Warusi wanaheshimu kazi ya mtu.

Basi akafungua. Rachida alitandika kitambaa kwenye bawa la lori, juu ya gurudumu, akapanga spana zote kuanzia ndogo, akasimama kando ya fundi. Muyisa alikuwa na miaka ishirini ya kutafuta spana zake chini ya magari, kwa magoti, akizitukana. Sasa alinyoosha mkono tu, na spana ikawamo. Mara ya tatu alinyoosha mkono kwa kujaribu, bila kuhitaji kitu, ikawamo nyingine. Alifanya kazi akiimba. Kwa saa moja na nusu akawa amemaliza, akainua kifuniko arudishe.

Rachida alihesabu spana kwenye kitambaa. Zilikuwa kumi na nne. Sasa kumi na tatu. Akahesabu tena.

“Fundi, usifunge. Kle moja haiko.”

Muyisa alikasirika. Alisema yeye hajawahi kusahau kitu ndani ya moteri, na aliyesahau ni fundi wa zamani, naye alikwisha kuhama mji. Rachida akasema kitabu ndicho kinataka zihesabiwe. Lakini Mzee Kasonia alifungua ukurasa, akaonyesha picha: kifuniko kimefungwa, na hakuna mtu anayehesabu.

“Funga,” Hadji alimwambia fundi, akamgeukia Rachida. “Barusi ndio balitengeneza hii gari. Wewe ulitengeneza nini?”

Muyisa akashusha kifuniko. Rachida akaweka mkono wake juu ya moteri, mahali kifuniko kingekaa.

“Papa, mi sijui Kirusi. Hata herufi moja. Ile yote nilikuwa ninasema ni majina ya vyombo ya kupasua batu. Ninasoma kazi ya kusaidia daktari kwa bloc, chumba ya kupasulia. Na kule, chombo ikikosa, mugonjwa hafungwi.”

Hadji alianza kupumua kwa kelele, mabega yanapanda na kushuka. Abigaïl alifika kabla ya neno lolote, akamtia mrija mdomoni.

“Vuta polepole, Papa. Polepole. Vyote vitatu.”

Mtu mwenye mrija mdomoni hawezi kufokea mtoto. Hadji alivuta. Viwili vikapanda. Mzee Kasonia akasema yeye angepandisha vyote, Hadji akamtazama, akavuta tena kwa hasira, na cha tatu kikapanda. Wenzake wakapanga mstari. Wakati wanabishana nani amevuta kwa pua, Muyisa aliingiza mkono ndani ya moteri mpaka kwenye kiwiko, akatoa spana iliyokosekana, kle ya treize, akaifuta, akaiweka kwenye kitambaa bila kumtazama mtu.

Hadji aliiona. Akatoa mrija.

“Siku ya Idi,” alisema. “Mbele ya bageni. Ilikuwa makasi?”

“Farabeuf si makasi, Papa. Ni ya kuvuta nyama kando.”

Aliiokota kle, akaitazama moteri. Kle ile ingesagika humo ndani, na lori lingekuwa kibanda cha kuku. Mwishowe alisema Rachida atamaliza masomo yake ya kuvuta nyama kando. Lakini kitabu nacho lazima kisomwe, akawageukia wenzake. Mmoja baada ya mwingine walitazama chini. Watoto wao wote walikwisha kugawiwa.

Rachida alifaulu. Sasa anafanya kazi katika chumba cha upasuaji, Butembo. Wiki jana karani wa chuo alimpigia simu aje ofisini kama mzazi wa mwanafunzi Lukumani, wa Kirusi mwaka wa kwanza. Alimkuta baba yake kwenye benchi ya waliokosa, daftari magotini, anatazama viatu vyake. Mwalimu alianza kutaja makosa: kupokea simu darasani, kumuuzia mwalimu matairi, kudai kwamba Warusi wamekosea herufi zao wenyewe. Rachida alitoa kalamu, akayaandika yote.