Riali Mia Nne

...na mama ameliacha jiwe jingine, nimeliona, pale ukingoni mwa ungo wa mchele, vidole vyake vimelipita vikaenda zao, na mimi nimekaa hapa juu ya mbuzi nakuna nazi, simwambii, maana nikimwambia tutafika kwenye macho, na tukifika kwenye macho tutafika kwenye pesa, na Bi Mishi, jirani yetu, ambaye tangu azaliwe hajui kunyamaza, ameegemea mlango wa jikoni anauliza, "Haya Jalila, na mchele nao, huko Maskati kilo bei gani?", na jibu ninalo, jibu sikosi mimi, miaka mitatu nimekuwa fundi wa majibu haya, kusuka nywele riali ishirini, yaani elfu sita na mia saba, Bi Mishi akashika kichwa, "Subhanallah, kusukwa tu?", kikombe cha chai kwenye mikahawa ya kifahari shilingi mia tano, kodi ya chumba elfu hamsini, na hapa Likoni kwa elfu nne unapata chumba na sakafu nzuri, na zote kweli, wallahi sikudanganya hata bei moja, ila chumba hicho silipi mimi, nalala nyumba ya kampuni, chakula cha mchana cha kampuni, gari la kampuni lanifuata mlangoni, hayo sikuyasema, hakuna aliyeniuliza... ah, Jalila, hakuna aliyeuliza, jidanganye hivyo hivyo.

Aliuliza. Mama aliuliza, mwezi wa kwanza tu, kwa simu, "Na wewe wakupa ngapi, mwanangu?", na mimi niliyemgeuzia kila kitu kuwa shilingi, mkate, nyanya, mpaka sabuni ya kufulia, hilo moja sikuligeuza, nikasema mia nne, riali mia nne, nikaiacha papo hapo, nikamsikia akivuta pumzi, "Mia nne tu? Mungu atakufungulia", nami nikasema inshallah, nikasema inshallah! shilingi laki moja na thelathini na zaidi nikaiitikia inshallah, na kila mwezi nikamtumia elfu nane, akaniombea dua hadi nikaona haya kushika simu, lakini haya hiyo haikunizuia kununua kiwanja Vipingo, na cha pili ubavuni mwake, nikasema maisha ni kujipanga, nitamwambia nikishajenga, nitamshtua, atafurahi...

"Mwache mwanangu," mama anamwambia Bi Mishi, "maisha ya huko ni ya tabu, mtu ukimuuliza bei wamtonesha kidonda," na Bi Mishi, "Mimi si namuuliza kwa ubaya, Hafswa wangu ataka kwenda, nijue nampeleka wapi," na mama anacheka kidogo, anautikisa ungo, anasema vile vile kama mtu anayetaja habari za mvua, "Na wewe Jalila, nilisahau kukwambia, ile nafasi yangu ya Jumatatu hospitali kule ng'ambo ya feri, ya kutolewa mtoto wa jicho, nimewaambia wampe mwengine, zile pesa zimo kwenye mkebe wa biskuti, ongezea nauli yako ya kurudi, jicho halinikimbizi," na Bi Mishi amesema kitu lakini sikusikia, nimesikia mkebe, elfu arobaini najua zimo, za kuuza mbaazi na mahamri miaka miwili, kuamka kabla ya adhana ya alfajiri na kuukanda unga kwa kupapasa, na kichwa changu hiki kisicho na adabu kimeshaigeuza, riali mia na kumi na tisa, hata sasa, hata hili, mia na kumi na tisa, simu niliyobadilisha mwezi wa Shaabani ilikuwa ghali zaidi, na ile ya zamani haikuwa na ubovu wowote. Sema. Sema sasa, Bi Mishi asikie, na asikie mtaa mzima, mama pesa ninazo, nilikuwa nazo tangu mwanzo, lakini namjua, hatanifokea, angenifokea ningepona, atainua mikono na kusema alhamdulillah, mwanangu kumbe hana shida, atafurahi, atafurahi kwa dhati, halafu usiku peke yake ndipo atakapohesabu, Ramadhani ile aliyoinyima nafsi yake tende ili anitumie mimi achari na pilipili kwa watu wanaosafiri, ati mtoto asile chakula kikavu, na mimi achari ile niliwagawia wenzangu wa kazini kwa sababu ilinukisha kabati... Ya Rabbi, niliigawa.

Miguu imesimama yenyewe, nazi nimeiacha, nimevuka jiko bila viatu mpaka nyuma ya bega lake, nanusa mafuta ya nazi kwenye nywele zake, mvi zimefika hadi kisogoni, lini zilifika, mdomo naufungua niseme, na Bi Mishi kwa mara ya kwanza amenyamaza, ananitazama mimi, kisha anamtazama mama, kwa sababu mama ameinua uso na kutabasamu kule kwenye mbuzi, mahali patupu nilipokuwa nimekaa, na kwa sauti ya chini, ile ya kumbembeleza mtoto, anapaambia, "Usione haya, Jalila, kukosa si aibu."