Mugomba wa Bienfait

Nilipata tisini na nne kwa mia, nikajivuna kweli. Mafunzo yalikuwa ya mtandaoni, ya kutuzoeza sisi wanasaikolojia kusikiliza watu wa kila kabila na kila desturi. Kwenye simu anatokea mama aliyetengenezwa na kompyuta, anakusimulia msiba wake, nawe unachagua la kumjibu. Nilipomkumbusha desturi ya kwao ya kumuaga mtu ambaye mwili wake haukupatikana, alilia akanishukuru. Alama zote za swali hilo! Mimi Françoise, mtoto wa Kavumu, nani wa kunifundisha tena habari za watu wetu?

Juma lililofuata aliingia ofisini kwangu, Bukavu, Maman Colombe, mtu wa Mwenga. Mwanawe Bienfait alifukiwa na shimo la dhahabu mwezi wa tatu, na mwili haukutoka. Tangu hapo mama huyu halali, wala chakula hakipiti. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akitoa neno moja moja.

"Alipenda sombe," alisema, ile mboga ya majani ya muhogo. Akajisahihisha haraka: "Iko anapenda sombe."

Hapo ningenyamaza. Mungu wangu, ningenyamaza tu! Lakini kichwa kilikuwa kimejaa zile alama.

"Maman," nikasema kwa ile sauti laini niliyofundishwa, "kwenu, mwili ukikosekana, si munazika shina la mugomba pahali pake? Labda ingekusaidia kumuaga."

Alinitazama. Nilidhani atalia, kama yule wa kwenye simu. Hakulia.

"Shemeji yangu Apollinaire ameshaukata," alisema. "Iko nyuma ya nyumba tangu siku ine. Kila mutu ananiambia: kubali, tuzike. Nikasema hapana, kwanza niende kwa dokta wa Bukavu. Ule amesoma. Ule ataniambia mama anaweza kungoja."

"Maman, sikusema kwamba..."

"Ulisema, maman."

Alitoa simu mkobani. Nilimshika mkono, nikamwambia nimekosea, angoje, hakuna haraka. Maneno yalinitoka ovyo, machozi nayo. Nilijichukia. Akanipapasa mgongo, yeye, mwenye msiba, akaniambia, "Usilie, mutoto yangu." Kisha akabonyeza namba.

"Apollinaire? Muchimbe kaburi," alisema. "Hata dokta amesema Bienfait amekufa."